Bisi Huenda Kaskazini

Kitengo chetu cha kupambana na mafuta yanayomwagika baharini hakijawahi kushindwa. Miaka sita mfululizo tumemaliza kazi kwa asilimia mia, ndani ya dakika arobaini, bila mtu kuchafua hata soksi. Najua kwa sababu ripoti naziandika mimi. Siri ya mafanikio hayo naitoa bure: tulikuwa hatujawahi kukutana na mafuta.

Tulikuwa tunatumia bisi. Kila mwaka, siku ya zoezi, tunanunua magunia sita ya bisi, tunazimwaga majini mbele ya ufukwe wa kaskazini, halafu tunajifanya ni mafuta ghafi. Bisi zinaelea, zinaonekana kwa mbali, hazimdhuru samaki, na mgeni rasmi akichoshwa na hotuba yake mwenyewe anaweza kuzitafuna. Upepo wa mwezi ule unazisukuma kaskazini. Boti inazungusha uzio wa kuelea, ule mrefu wa rangi ya chungwa ambao sisi kazini tunauita nyoka, na kabla nyoka hajafunga duara, shakwe wameshashuka na kula kila kitu. Makofi! Mimi naandika: mafuta yote yameondolewa. Walioyaondoa ni ndege, lakini kwenye fomu hakuna sehemu ya ndege.

Mkuu wa kitengo tunamwita Bwana Asilimia, ingawa si mbele yake. Ukimuuliza watoto hawajambo, atakujibu asilimia sabini na tano, mmoja ana mafua. Kutokana na ripoti zangu za bisi, mtu huyu alitunga Mpango Mkuu, kitabu kinene chenye jalada la buluu, na ukurasa wa nne akachora ramani yenye mshale mwekundu unaotoka kwenye nanga za meli kwenda kaskazini. Mafuta yakimwagika, yataelekea huku. Imethibitishwa mara sita. Waheshimiwa walisaini, na nakala moja ikatundikwa ukutani ofisini, karibu na kalenda.

Mimi nilijua mshale ule ni uongo. Mwaka wa tatu wa mazoezi, gunia moja lilitumbukia baharini kabla ya wakati. Bisi zikalowa, zikazama nusu, upepo ukakosa pa kuzishika, na mkondo wa maji ukazichukua kusini kimya kimya. Jioni dada yangu akanipigia simu. Dada ana mabwawa ya chumvi huko kusini, mabwawa kumi na moja aliyoyachimba na marehemu shemeji, na maji ya bahari yanaingia kwake kwa mlango mmoja tu.

"Mdogo wangu," akasema, "mlangoni kwangu kumejaa bisi. Nani kaoa?"

Kesho yake nikamweleza Bwana Asilimia. Alinisikiliza kwa upole wake ule wa kuudhi, kisha akasema bisi zilizolowa haziko ndani ya zoezi, niziondoe kwenye hesabu. Nikaziondoa. Ndiyo, mimi mwenyewe, kwa mkono huuhuu, na usiku nikalala usingizi mzuri kabisa.

Sasa basi. Jumanne moja, saa moja na nusu asubuhi, meli ya mafuta iliyokuwa imetia nanga nje kwa siku tisa ikingoja zamu ya kushusha ikaanza kuvuja. Nahodha wake alisema kwenye redio kwamba ni kidogo tu. Saa mbili akasema ni kidogo, akaacha "tu". Saa mbili na robo akasema kuna ufa ubavuni, na kuanzia hapo akawa anaongea lugha ya kwao.

Kengele ilipolia, kila mtu alijua la kufanya, na balaa lenyewe lilianzia hapo. Miaka sita tumefanya mazoezi, tukafanya vilevile tulivyozoea. Watu wa hema wakabeba hema. Watu wa viti wakabeba viti mia mbili. Spika zikapakiwa. Bango la ZOEZI LA MWAKA likatolewa kabatini, na mjuzi mmoja akabandika karatasi nyeupe juu ya neno ZOEZI ili tusiwapotoshe wananchi. Mimi ndiye mtunza stoo pia, kwa hiyo nilisimama langoni na orodha yangu nikihesabu: nyoka, mita mia mbili, pampu, moja, pedi za kunyonya mafuta, maboksi thelathini, glavu. Mara nikasikia honi. Muuza bisi huyo, na magunia yake sita! Namba yake ni ya tatu kwenye orodha yetu ya dharura, na mtu wa simu alikuwa amezipiga zote kwa mpangilio.

"Nimewahi, eti?" akaniuliza, jasho linamtoka.

Nikampokelea, nikamsainia. Mkono ulisaini kabla akili haijafika.

Akili ilipofika nilikimbilia nyuma ya stoo nikampigia dada.

"Dada, funga mlango wa maji. Sasa hivi! Mafuta yanakuja."

"Mlango upi?"

"Wa bahari, dada, una mingapi?"

"Sina hata huo mmoja. Mbao zilikuwa zimeoza, juzi nimeupeleka kwa seremala. Hapa kuna tundu tu." Halafu akaongeza: "Na leo ndiyo maji makubwa. Yanaanza kuingia saa nane, yanajaa saa kumi."

Mtu asiyejua chumvi atafikiri ni suala la maji machafu, utayamwaga uingize mengine. Sivyo. Sakafu ya mabwawa yale ni udongo wa mfinyanzi, na dada na shemeji waliukanyaga kwa miguu yao miaka mitatu mpaka ukawa mgumu usiopitisha tone. Mafuta ghafi yakishaingia kwenye udongo ule hayatoki. Unachimba wote, unautupa, unaanza upya. Dada ana miaka hamsini na minane na shemeji hayupo.

"Ofisini kwenu wanasemaje?" akauliza.

"Wanasema yanaenda kaskazini."

"Kama zile bisi?"

Nilimwambia akusanye watu, ndoo na mabeseni, nami nakuja. Nakuja na nini, sikujua.

Ufukwe wa kaskazini ulikuwa umependeza, lazima niseme haki. Hema jeupe limesimama, viti vimefunikwa vitambaa, nyoka ametandazwa mchangani mzima mzima ili mgeni rasmi amwone vizuri. Bahari mbele yetu ilikuwa safi, inang'aa, haina hata doa. Kusini, kwa mbali, ukanda mweusi ulikuwa unaendelea na safari yake bila kuomba ruhusa ya mtu. Nilimkuta Bwana Asilimia akipanga viti vya mbele kwa vyeo.

"Mkuu, mafuta yale pale. Tazama! Yanaenda kusini."

Akatazama. Kweli alitazama, sitamsingizia. Kisha akafungua ukurasa wa nne.

"Hapo yanazunguka tu," akasema. "Yatarudi kaskazini. Kumbukumbu zinaonyesha asilimia mia, miaka sita."

"Kumbukumbu za bisi, mkuu!"

"Punguza sauti. Kumbukumbu ni kumbukumbu." Akanigeukia, tena bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Na zote umeziandika wewe. Ulikuwa unaandika uongo?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Ningesema ndiyo, nimejifukuza kazi. Ningesema hapana, nimemzika dada. Nikasimama pale kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Niliona aibu, na ninaposema aibu simaanishi ya kupita. Ile hali ya kujua kwamba mtu mpumbavu amekuuliza swali sahihi.

"Mgeni rasmi anafika saa saba," akaendelea. "Nyoka hagusi maji kabla mgeni hajamzindua. Huo ndio utaratibu."

Hapo nikamtazama nyoka. Alikuwa na vumbi la mwaka mzima wa stoo, na katikati kulikuwa na kinyesi cha popo. Nikapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa la kijinga kiasi kwamba lilifaa kabisa ofisi yetu.

"Sawa, mkuu," nikasema. "Ila mgeni rasmi atamkuta hivi? Mchafu hivi?"

Bwana Asilimia akashtuka, na siku ile ilikuwa mara yake ya kwanza. Tangu asubuhi habari za ufa ubavuni mwa meli hazikumtoa jasho, lakini kinyesi cha popo kilimpandisha presha.

"Nani ameruhusu atoke hivi? Kaoshe! Haraka!"

Nikatoa fomu ya stoo nikajaza mbele yake: kifaa, uzio wa kuelea, kiasi, mita mia mbili, sababu ya kuhamishwa, usafi. Akasaini bila kusoma. Nikaongeza pedi maboksi yote thelathini, za kufutia. Akasaini tena. Pampu sikuthubutu, maana nani anaosha kitu kwa pampu ya mafuta? Mpaka leo najilaumu. Siku ile angesaini hata hiyo.

Dereva wa boti ya kazi tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Wakati tunampakia nyoka alikuwa ananieleza ugomvi wa wapangaji wenzake, tulipoondoka akaendelea, na tulipopinda kusini badala ya kwenda gatini kwenye bomba la maji ndipo akasita.

"Dada Stoo, bomba liko kule."

"Leo tunaosha kwa maji ya bahari."

Akautazama ukanda mweusi ulioko mbele, akanitazama mimi, akaongeza mwendo. Hakusema neno lingine mpaka tunafika. Kitengoni hawaniamini nikisimulia hili.

Tulifika saa nane kasoro. Dada alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, mbele ya tundu lake, na wanawake kumi na wawili wanaomkwangulia chumvi. Nyuma yao mabwawa yalikuwa meupe, chumvi imeshaiva, imebaki kuvunwa. Harufu ya mafuta ilikuwa imetutangulia. Ile harufu nzito ya gereji inayokaa kooni.

Redio akafunga ncha moja ya nyoka kwenye nguzo ya kushoto ya mfereji unaopeleka maji kwenye tundu la dada, sisi tukavuta ncha ya pili hadi ya kulia, tukaufunga mdomo wa mfereji moja kwa moja, kama mtu anavyofunga geti. Nilijiona mjanja. Maji yakaanza kuingia kwa kasi, nyoka akabinuka tumbo, na mafuta ya kwanza yalipofika yakapita chini yake bila hata salamu.

"Umejifunza wapi kazi hii?" dada akafoka. "Maji ya hapa yana nguvu, huwezi kuyazuia uso kwa uso! Mlaze! Mlaze mshazari, yaende kando kwenye ule mchanga!"

"Kwenye mazoezi huwa tuna..."

"Mazoezi gani? Ya kulisha ndege?"

Tukafungua ncha moja, tukaivuta hatua sitini nje ya mfereji, upande wa baharini, mpaka kwenye jiwe kubwa, nyoka akalala mshazari. Mikono ilichubuka, mwanamke mmoja akapoteza kiatu, Redio akaangukia majini akaibuka mweusi meno tu yanaonekana. Lakini mafuta yakaanza kutii. Yalikuja mazito, ya kahawia, kama uji ulioungua, yakagusa nyoka, yakateleza kandokando yake hadi kwenye kona ya mchanga, na pale tukayavamia kwa ndoo, tukiyamwaga kwenye mapipa ya dada. Yale machache yaliyokuwa yamepita mwanzoni, wanawake wanne walikuwa wameyazuia ndani ya mfereji kwa pedi, wakizishika kifuani, kuziminya kwenye mabeseni, kisha kuzirudisha majini. Mpaka tundu la dada kulikuwa kumebaki hatua nane.

Tulichota kwa muda wa saa mbili. Sijui kama umewahi kuchota mafuta ghafi kwa beseni la kuoshea vyombo, sikushauri. Katikati ya kazi dada akaja kusimama karibu nami, tukawa tunapokezana ndoo.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua nini?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, leo nimepakwa ya kutosha. Bisi zilifika hapa mwaka ule. Ukajua njia. Ukanyamaza."

"Nilimwambia mkuu."

"Halafu?"

"Akasema niziondoe."

"Ukaziondoa."

"Nikaziondoa, dada."

Alinipa ndoo iliyojaa, nikampa tupu. Nilikuwa nalia, na kwa uso ulivyokuwa mweusi nilidhani machozi hayaonekani. Akanifuta kwa mkono wa gauni lake, akazidi kunichafua, na akasema tuongeze kasi maana maji yanakaribia kujaa.

Saa kumi na nusu maji yakasimama, kisha yakaanza kurudi baharini. Dada alichukua kitambaa cheupe, akaingia bwawa la kwanza, akakikokota majini kutoka ukingo hadi ukingo, akakitoa na kukikunjua juani. Cheupe. Akarudia mara tatu, kwa sababu hamwamini mtu, hata kitambaa chake. Mara ya tatu akakaa chini palepale ukingoni, miguu ndani ya maji, akawa anacheka na kutetemeka.

Kaskazini nako mambo yalienda vizuri. Mgeni rasmi alifika saa tisa, akasimama mbele ya bahari safi, akasema wananchi wanaona wenyewe, hakuna mafuta. Walipiga makofi. Kwa kuwa nyoka hakuonekana, walielezwa kwamba ameshamaliza kazi. Bisi zililiwa na waandishi wa habari.

Mapipa yetu thelathini na moja ya mafuta yalichukuliwa na lori kesho yake. Fomu ya mapipa ina mahali pamoja tu pa kujaza "yamekusanywa wapi", na pameshachapwa kabisa: Ufukwe wa Kaskazini. Kwa hiyo yakawa yamekusanywa kaskazini. Bwana Asilimia alipiga picha akiwa ameegemea la mbele, na ripoti ya mwaka huo aliiandika mwenyewe, maana mimi nilikuwa nimesimamishwa kwa kusema uongo kwenye fomu ya stoo. Kusema uongo kwenye fomu! Mimi! Ofisi nzima ilishangaa.

Baada ya wiki tatu ikaundwa Kamati. Wakaja kwa dada watu wanne wenye buti mpya, wakachota maji ya mabwawa yote kumi na moja kwenye vichupa, wakachota udongo, wakachota chumvi, wakashukuru kwa chai, wakaondoka. Barua yao ilinifikia mwezi uliofuata. Niliifungulia kwa dada. Mlango wake mpya ulikuwa umeshawekwa, naye alikuwa anakwangua chumvi ya bwawa la nane.

"Soma kwa sauti," akasema.

Nikasoma. Kamati ilikuwa imepima sampuli arobaini na nne kutoka mabwawa ya chumvi ya kusini, na haikukuta mafuta hata tone. Kwa hiyo Kamati ilikuwa imejiridhisha kwamba eneo hilo halikuwahi kuwa katika hatari, kwamba kupeleka uzio huko hakukuwa na sababu yoyote, na kwamba mtumishi aliyehusika alitumia vibaya mali ya kitengo kwa manufaa ya ndugu yake. Nina siku saba za kujitetea kwa maandishi.

Dada aliacha kukwangua. Akaegemea mpini wa reki yake, akatazama bwawa la nane, la tisa, mpaka lile la mwisho kabisa, yote meupe.

"Hebu rudia hapo pa 'hata tone'."

Nikarudia.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "mimi ningefilisika, wewe wangekupa cheti."

"Na picha, dada."

Akaniomba kalamu. Dada yangu aliishia darasa la tano na huwa haandiki ila jina lake, lakini aliilaza ile barua juu ya gunia, akainama, na chini ya mistari yao mirefu akaandika polepole, akibonyeza mpaka karatasi ikatoboka: NI KWELI HAYAKUINGIA. Kisha akanirudishia kalamu na kuniuliza kama nami nina la kuongeza. Nikasaini chini yake, nikaipeleka ofisini hivyohivyo, na chumvi ikiwa bado imeganda pembeni.